Swali Nililolipaza Siku ya Mvua

Ninyi vijana mnaokaa sasa kwenye biro, yaani ofisi, za shule zetu za Kasongo, kuna kitu kimoja nawaonea wivu. Mzazi aliye Salamabila anapiga picha bulteni ya mtoto wake, ile karatasi ya alama, anaituma kwa simu, na wewe unamrudishia maswali yako yote huku mtoto mwenyewe yuko kisimani anateka maji, hajui hata kwamba anasemwa. Sisi tulikuwa na meza moja na viti viwili, na mtoto alisimama katikati akisikia kila neno. Nilikaa kwenye meza hiyo miaka ishirini na miwili, sekretere wa shule moja ya binafsi ambayo sitaitaja, wenyewe watajijua. Kila mwisho wa Agosti kazi yangu ilikuwa kuandikisha watoto wapya, yaani kuuliza na kuulizwa.

Siku hizi naamka, nafagia uwanja ambao haukuchafuka, kisha naketi. Tangu nistaafu hakuna anayeniuliza kitu, isipokuwa mama anayepita na ndizi kichwani akitaka kujua kama nitanunua. Nilizoea maswali kama wengine walivyozoea chai ya asubuhi. Siku isiyo na swali inakuwa ndefu mno kwa mtu mmoja, na ndiyo sababu nimechukua kalamu.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Amisi, sekretere aliyenitangulia, mtu mfupi mwenye kofia ya kufumwa ambayo sikuwahi kuiona imetoka kichwani. Wiki ya kwanza aliniambia mambo mawili tu. La kwanza: mzazi akikuuliza swali, mjibu kwanza, ndipo ueleze. Ukianza na maelezo, ataamini kuwa jibu ni baya hata kama ni zuri.

Mimi nilimsikia kwa sikio hili likatokea kwa lile. Alikuja mama mmoja mwenye mtandio mweupe, Mwislamu, akaniuliza kama binti yake atalazimishwa kusali sala za Wakristo. Badala ya kusema hapana, nikaanza hotuba: shule yetu inaheshimu imani zote, wazazi wa kila dini wameshiriki kuijenga, na kadhalika na kadhalika. Yule mama akainuka na kujifunga kitenge vizuri. "Basi, nimesikia," akasema, na kweli alikuwa amesikia alichokiogopa. Papa Amisi akamkimbilia mpaka mlangoni. "Hapana, Mama. Hatasalishwa. Na siku ya Ijumaa anatokaka saa tano na nusu." Yule mama akarudi akaketi, na mimi nikafundishwa hapohapo mbele yake bila mtu kunitazama.

Jambo la pili lilikuwa hili: swali linalochoma usiliulize mbele ya mtoto. Mtume nje akahesabu kitu. "Enda unihesabie madirisha ya ile nyumba ya madarasa." Mtoto anaondoka mbio, anadhani ni jaribio la hesabu, na akirudi na jibu lake wewe umeshauliza na umeshaandika. Madirisha yalikuwa thelathini na manne. Watoto waliniletea ishirini, waliniletea hamsini, mmoja aliniletea mia moja kamili, na wote niliwapongeza.

Kuna mwaka alifika mfanyabiashara kutoka Salamabila, vumbi la pikipiki limempaka mpaka kwenye nyusi. Hata hajaketi, akasema, "Mama, huyu mutoto wangu iko mujinga sana. Munapokeaka wajinga?" Mtoto alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nilimtuma kwenye madirisha kabla sijafungua kinywa. Akarudi polepole, akasema, "Iko thelathini na ine, Mama, lakini mbili hazina viyoo, na moja walizibaka na karto ya sanduku." Nikamgeukia baba yake. "Papa, mujinga ni nani? Miye niko hapa miaka tisa, hiyo karto sijaionaka." Yule baba alicheka mpaka akakohoa. Mtoto tulimpokea, na alikuwa wa tatu darasani.

Mnaona, ilikuwa kazi ya kufurahisha. Lakini kulikuwa na swali moja ambalo Papa Amisi hakunifundisha kulijibu, kwa kuwa yeye hakuulizwa kamwe. Akina mama waliniuliza wakati nilipokuwa natafuta muhuri, kwa upole kabisa, ili kupitisha muda: "Na weye, Mama, watoto wako wanasomaka hapa?" Kwetu mwanamke wa umri wangu huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Fulani. Mimi niliitwa Mama Sekretere. Nilijizoeza kusema, "Hawa wote ni wangu," wakacheka, nami nikacheka nao. Ukweli ni kwamba mume wangu alihamia Kindu kwa sababu ya jambo hilohilo, akapata huko watoto wanne. Sikumsema vibaya mbele ya watu. Nikifika nyumbani nililia, kisha nikapika chakula cha mtu mmoja.

Mtu angefikiri kuwa mwanamke aliyechomwa na swali miaka yote hiyo angejua kuuliza vizuri. Mimi sikujua, na sasa nitawaeleza habari ya Anifa.

Papa Amisi alikuwa ameshafariki. Tulikuwa na Prefe mpya, ndiye mkuu wa shule, kijana msafi aliyependa karatasi zake zikamilike. Mwaka ule alikuwa ameongeza mstari kwenye fishi, ile karatasi ya kuandikishia mtoto: baba mzazi, yuko hai au amekufa. Alikuwa na nia njema. Alitaka kuwajua yatima ili awapunguzie mzigo. Mimi nilijaza mstari ule kama mingine yote.

Siku moja ya wiki ya mwisho ya kuandikisha, akafika Papa Saidi kutoka Wamaza, mkulima, pamoja na msichana wa miaka kumi na miwili aliyetaka kuingia mwaka wa saba. Walikuwa njiani tangu jana yake. Msichana alitembea miguu mitupu, viatu vyake vimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki visiguse matope, na alivivaa mlangoni kwangu, akiegemea ukuta. Huyo ndiye Anifa. Bulteni yake ilikuwa nzuri kuliko zote nilizoshika wiki ile. Nilimwambia hivyo, naye akaziba mdomo kwa mkono ili nisione jinsi alivyofurahi.

Cheti chake cha kuzaliwa kilisema baba yake anaitwa Kalume. Kadi ya Papa Saidi ilisema Saidi. Kwetu jambo hili halimshangazi mtu: ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo, na mdogo wa baba yako naye ni baba yako. Akisema "mimi ni baba yake" hajadanganya. Papa Amisi angeandika jina la kwenye cheti na kuendelea. Lakini mimi nilikuwa na ule mstari wa kujaza.

Hapo ndipo mvua ilipoanguka. Mnaijua mvua yetu ya mwanzo wa msimu juu ya bati lisilo na dari: hata ukijisemea mwenyewe husikii. Watu wote waliokuwa wanangoja uwanjani walikimbilia barazani, wakajazana kwenye mlango wangu. Sikuweza kumtuma mtoto nje akahesabu madirisha. Ningeweza kungoja mvua ipungue. Ningeweza kuliandika swali kwenye kipande cha karatasi na kumsukumia Papa Saidi. Alijua kusoma, nilimwona akiifuata kalamu yangu kwa macho. Sikufanya hata moja, kwa sababu watu walikuwa wengi na mimi nilikuwa na njaa. Hakuna sababu nyingine, vijana wangu. Nimeitafuta miaka mingi.

"Papa, baba wa kumuzaa iko muzima?" nikapaza sauti.

"Miye ndiye baba yake, Mama."

"Nimeelewa. Ule wa kumuzaa! Iko muzima ao alikufaka? Fishi inataka!"

Alinitazama, akamtazama mtoto, akanitazama tena. Niliona midomo yake inatikisika, lakini mvua ilimeza kila kitu.

"Sema kwa nguvu, Papa! Sisikii!"

Alikuwa mtu wa kawaida mbele ya meza yenye muhuri, na aliogopa kwamba akisema uongo kwenye karatasi ya shule, mtoto atakosa nafasi. Akainama kuelekea kwangu na kupiga kelele, "Alishakufaka!" Watu wa barazani wote waligeuka.

Anifa alimvuta shati. "Nani alikufaka?" akauliza. Mimi niliinamia fishi, nikaandika.

Yaliyobaki nilikuja kuyajua baadaye. Kalume alikuwa mchimba dhahabu Salamabila, na shimo lilimwangukia wakati Anifa ana miaka minne. Kwao habari ya kifo ina mwenye kuitoa. Kwa mtoto yule alikuwa bibi yake mzaa baba, na alipaswa kumwambia ndani ya nyumba, watu wameketi chini, wa kulia naye wako karibu. Bibi aliugua, akaahirisha. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, na kila mwaka ikawa ngumu zaidi kuanza. Mtoto aliambiwa kwamba baba yuko machimboni, atarudi. Kwa nini asiamini? Nusu ya wanaume wa pale wako machimboni na watarudi.

Kutoka kwangu, mtoto aliingia chumba cha pili kwa Prefe ili asome kwa sauti mistari michache ya Kifaransa. Kila mtoto alisoma, ndiyo ilikuwa teste yetu. Anifa alishika karatasi kwa mikono miwili. Hakusoma wala hakulia. Prefe alimngoja, akambembeleza, akamngoja tena, kisha akatokeza kichwa mlangoni na kuniambia, "Mama Sekretere, huyu hajui kusoma. Hiyo bulteni sijui walitoaka wapi. Andika hapana."

Nikaandika. Papa Saidi aliniambia asante. Anifa alivua viatu vyake, akavirudisha kwenye mfuko, wakaondoka mvua ikiwa bado inanyesha.

Nilinyamaza siku tatu. Niliogopa kufukuzwa, na kwangu kazi ile haikuwa mshahara peke yake, ilikuwa ndiyo watu wangu wote. Siku ya nne nilimwendea Prefe na kumweleza jinsi mtoto alivyoingia chumbani kwake dakika mbili baada ya kufiwa. Alivua miwani. "Ni kwa ajili ya ule mustari wangu?" akauliza.

"Hapana, Prefe. Mustari ni wako, lakini makelele ilikuwa ya miye."

Alivaa miwani tena. "Nitamuwekea nafasi mupaka siku ya kwanza ya masomo," akasema. "Akuje asome, basi. Iko ndani ya shule."

Kabla sijaendelea, niwaambie jambo la kazi, msije mkadhani hii ni habari ya zamani isiyowahusu. Nilianza kwa kuwaonea wivu wa simu zenu, lakini msizitegemee sana. Ujumbe wako ukifika Wamaza kwa mzee asiyejua kusoma, anayemsomea ni nani? Ni mtoto huyohuyo unayeuliza habari zake. Piga simu, usikie sauti ya mtu mzima, na swali lako la kwanza liwe: "Mutoto iko karibu?" Akiwa karibu, sema utapiga tena. Hakuna fishi isiyoweza kungoja jioni.

Basi, nilijiandaa kwenda Wamaza. Shule yetu haikuwa na bweni, kwa hiyo niliamua Anifa atakaa kwangu. Nilisafisha chumba cha pili kilichokuwa cha magunia ya mihogo. Nilinunua kitanda kwa fundi na kutundika chandarua kipya. Nilipika sombe, yaani majani ya muhogo, ya kujaribu, nikajiuliza kama watoto wa Wamaza wanapenda mawese mengi au kidogo. Nisiwadanganye: nilimtakia masomo, lakini nilijitakia pia mtu wa kuniuliza chakula kiko wapi.

Nilitoka Kasongo asubuhi kwa pikipiki na kufika Wamaza jua linaelekea kushuka, mgongo umekatika, kitenge kimekuwa na rangi ya njia. Nilitegemea kutukanwa. Papa Saidi alinipokea mfuko, akanipa kiti na maji ya kunawa. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, na pembeni kulikuwa na jivu la moto mkubwa. Walikuwa wametoka kumaliza matanga ya mtu aliyekufa miaka minane iliyopita. Waliketi chini upya, wakalia upya, kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye alikuwa hajalia.

Nilimwomba bibi msamaha nikiwa nimepiga magoti. Alikuwa mwembamba sana, amejifunika blanketi ingawa kulikuwa na joto. Alinishika bega.

"Simama, Mama," akasema. "Miye nilichelewa, na weye uliharakisha. Tugawane."

Sijawahi kusamehewa vizuri kama siku ile, na ilinifanya niamini kwamba mambo yote yamekwisha. Papa Saidi alisema mtoto akikubali, nimchukue kesho yake. Waliniacha nizungumze naye peke yetu, nyuma ya nyumba, mahali alipokuwa anaanua mihogo iliyokauka. Nikamsaidia kuiweka kwenye kikapu huku nikimweleza: Prefe anakungojea, utasoma mistari michache tu, chumba kiko, kitanda kipya, na mimi sina makelele nyumbani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Watoto wa kule wana adabu hiyo.

"Ile meza iko palepale, Mama?" akaniuliza.

"Iko. Kwenye mulango wa kuingilia."

"Na kila siku mutu anapitaka pale?"

"Anapitaka, ndiyo."

Akaweka kipande cha muhogo kwenye kikapu, kisha kingine. "Mama, naelewa haukufanya kwa ubaya. Bibi alinielezaka. Lakini watu wote hapa wanasema baba alikufaka Salamabila. Kwangu miye alikufaka Kasongo, kwa meza yako. Siwezi kupitaka pale kila asubui."

Nikamjibu jambo la kijinga. Nilimwambia nitaomba waiondoe ile meza, waipeleke chumba cha nyuma.

Alinitazama usoni, bila hasira hata chembe. "Na weye," akasema, "weye pia watakuondoa?"

Alisema kwa huruma, kama mtu anayetaka kweli kujua kama itawezekana.  Tulimaliza kuanua mihogo, tukabeba kikapu pamoja, yeye mshikio huu na mimi ule, mpaka jikoni kwa mama zake. Asubuhi alinisindikiza hadi kwenye pikipiki na kunipa karanga za njiani, nikamwambia asome kwa bidii pale pale Wamaza, akasema ndiyo, Mama.

Siku ya kwanza ya masomo nilimwambia Prefe kwamba mtoto hatakuja. Akaufuta ule mstari kwa mkono wake mwenyewe kwenye fishi zote zilizobaki bila kujazwa, moja baada ya nyingine. Saa nne hivi akafika mzazi aliyechelewa, fundi baiskeli wa sokoni, na binti yake wa mwaka wa saba, wakiuliza kama nafasi bado ipo. Nafasi ilikuwepo moja, ile ya Anifa. Fundi alikuwa amemshika mkono binti yake, na hakumwachia wakati wote nilipokuwa naandika jina la mtoto.